Kijitabu cha "Elimu ya Kujitegemea" na Shule za Kwetu

Wasomaji wetu, tumekisoma tena kijitabu cha Mwalimu Julius Nyerere, "Elimu ya Kujitegemea", kilichotolewa Machi 1967, mwezi uliofuata Azimio la Arusha. Ni kijitabu chembamba, lakini kiliziongoza shule zetu miaka mingi. Twataka kusema tuliyoyaona ndani yake, yaliyo mazuri na yaliyopungua, kwa macho ya walimu waliofundisha Kilosa na Mikumi.

Kwanza tukisifu. Mwandishi hafichi hesabu. Aeleza ya kuwa mwaka 1961 watoto wa shule za msingi walikuwa 490,000, na mwaka 1967 wakafika 825,000. Bali wa sekondari mwaka huo walikuwa 25,000 tu. Basi walio wengi wangerudi nyumbani baada ya darasa la saba, nao walikuwa wamekwisha kujifunza kulidharau jembe la baba zao. Ugonjwa huo aliutambua barabara. Shauri lake ni kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi ya wachache, na kila shule iwe na shamba lake. Tena akumbusha jinsi wakoloni walivyozigawanya shule kwa rangi za watu, na jinsi mgawanyo huo ulivyoondolewa baada ya uhuru. Hayo yote ni kweli, na lugha yake ni nyepesi isiyojivuna.

Lakini kuna jambo moja lisiloelezwa vya kutosha, nalo ni tofauti ya shule na shule. Kijitabu chaona vema umbali uliopo kati ya mwana msomi na baba mkulima. Umbali wa shule ya kando ya reli na shule ya mlimani hakiuoni vema. Nchi ya Kilosa si ya namna moja. Iko milima ya Wakaguru na Wavidunda, ambako mvua ikizidi njia hukatika. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukawatoa watu wengi majumbani mwao. Mikumi nako kuna hifadhi ya wanyama tangu 1964. Shule moja ya upande huo, ambako tulifundisha, ilipanda mahindi, watoto wakayapalilia kwa furaha. Yalipokaribia kukomaa, tembo wakaja usiku mmoja. Asubuhi watoto walisimama kimya wakiyatazama mabua yaliyolala. Mmoja akatuuliza, "Mwalimu, na watoto wa mjini nao hulimishwa?" Hatukuwa na jibu.

Swali la mtoto yule ndilo kipimo chetu. Kujitegemea ni sifa njema wakijitegemea wote. Lakini penye wazazi wa fedha shule hununua. Penye wazazi maskini shule hulima, hufyatua matofali, huchota maji. Hapo kujitegemea hugeuka kuwa ada ya maskini, ilipwayo kwa mikono ya watoto na kwa saa za masomo. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka cha sita. Twashukuru kwa hilo. Tena sera ya elimu, toleo la 2023, yataka kila mtoto asome miaka 10 kwa lazima. Ni neno jema sana. Lakini mtoto wa mlimani ataifikiaje sekondari iliyo mbali, pasipo daraja wala bweni?

Wako wasemao, "Wanakijiji na wajitegemee, ndivyo Mwalimu alivyofundisha." Huko ni kukisoma kijitabu nusu. Msingi wake wote ni usawa wa watu, na kazi ya shamba imejengwa juu ya msingi huo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijiji kikitoa mchanga na mawe, serikali na itoe walimu na mabati, na kwa shule iliyo mbali zaidi itoe zaidi. Nasi walimu tuangalie shamba la shule lisile saa za hesabu. Nanyi wazazi, msimzuie binti nyumbani kwa kuwa njia ni ndefu. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji mkadai njia ifupishwe.

Kijitabu hiki bado chafaa kusomwa. Kila akisomaye na akumbuke kuuliza kama yule mtoto wa Mikumi.