Mageuko si Mageuzi, Mtetemo si Tetemeko

Katika tafsiri za uhandisi tumekutana na istilahi mbili zinazostahili kuhojiwa. Ya kwanza ni "mbinu ya mageuzi", yaani ile njia ambayo Xie na Steven waliitangaza nchini Australia mwaka 1993: kompyuta huondoa kidogo kidogo sehemu za jengo zisizobeba mzigo wa kutosha, hadi umbo linalofaa lipatikane. Tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992, Mtanzania husikia siasa katika neno mageuzi. Kinachokusudiwa hapa ni mageuko, mabadiliko ya hatua kwa hatua.

Ya pili ni nzito zaidi. Wapo wanaoandika "tetemeko la jengo" badala ya mtetemo. Tetemeko ni la ardhi; mtetemo ni wa jengo, na kila jengo lina mwendo wake wa kutetemeka. Miendo hiyo miwili ikilingana, jengo huyumba kupita kiasi. Dodoma, ambako Serikali imejenga mji wake Mtumba, imo katika ukanda wa Bonde la Ufa, na ardhi yake hutetemeka. Mhandisi atakingaje hatari hiyo ikiwa mambo mawili yamepewa jina moja? Twapendekeza kila neno libaki na kazi yake.