Nanga ya Mnong'ono na Chumba Chake

Wapenzi wa ushairi wa pwani wamezoea kuupima utungo kwa vina, mizani na uzito wa maana yake. Ni nadra kwa mhakiki kuuliza utungo ule ulitungwa wapi, saa ngapi, na nani aliyemzuia mtoto mlangoni wakati mtunzi akihesabu mizani. Swali hilo huonekana dogo mno kwa uhakiki, kama la mambo ya jikoni. Lakini iko sanaa moja, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambayo haihakikiki hata kidogo bila ya swali hilo.

Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, imepakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye njia iendayo Ziwa Viktoria. Kaskazini mwa wilaya hizi mbili Wahaya wanayo enanga. Magharibi, ng'ambo ya mpaka, Warundi wanayo inanga, na Kihangaza cha Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Chombo kwa asili ni kimoja: ubao uliochongwa ukaachwa na shimo refu katikati mfano wa kihori, na uzi mmoja uliopitishwa juu yake huku na huku hata ukafanya nyuzi saba au nane. Kinachotofautiana ni matumizi. Manju wa Kihaya hughani tendi za mashujaa kwa sauti iliyo wazi; tendi hizo ndizo alizozichambua M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpiga inanga wa Burundi, katika mtindo wake mashuhuri kuliko yote, hunong'ona.

Hapa inafaa kutua kidogo, maana msikilizaji wa Unguja au Pemba atadhani ni pozi la msanii. Sivyo. Mnong'ono hauna kupanda wala kushuka kwa sauti. Ni pumzi tupu iliyobeba konsonanti na irabu. Kirundi nacho ni lugha ya toni: neno likiondolewa mpando wake laweza kupotea. Basi toni hizo hukabidhiwa nyuzi. Kidole hutoa mpando, mdomo hutoa neno, na sikio la msikilizaji huviunganisha viwili hivyo likaamini kwamba linamsikia mtu anayeimba. Kiswahili, ambacho toni zake zilikwisha kufutika, hakiwezi kulifanya jambo hilo. Ni ufundi ambao watu wa pwani hawana budi kuuonea wivu.

Lakini mnong'ono hauvuki ua. Sanaa hii imekichagua chumba chake yenyewe: ndani ya nyumba, wasikilizaji wachache walioketi karibu, shughuli za kutwa zimekwisha. Ukimya huo ni sehemu ya bahari ya utungo, kama vile mizani kumi na sita ilivyo sehemu ya shairi letu. Anayeuondoa huubomoa utungo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alihitaji kinyume chake. Tungo zake zilitaka baraza, mpinzani, na mtu wa kuzibeba hata Lamu zikajibiwe. Kwake zogo la mji lilikuwa karakana. Kwa hiyo kosa liko kwa wale wasemao kwamba kila mtunzi anahitaji upweke, kama liko kwa wale wasemao kwamba mtunzi wa kweli hutunga popote. Kila umbo hudai mahali pake, na kazi ya mhakiki ni kupatambua.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24, wakaingia Ngara. Kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kabla ya kuwa na hata njia. Hadi Wanyarwanda walipolazimika kurejea kwao Desemba 1996, na Warundi nao wakiwa katika kambi nyingine za wilaya hiyo, maisha yalikuwa ni ya turubai. Turubai halizuii hata kikohozi cha jirani. Ngoma huweza kuhamia kambini, kwa kuwa ngoma hudai uwanja, na uwanja haukukosekana. Mnong'ono hudai ukuta.

Atatokea msomaji atakayetaja gereza. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, akaziandika tungo zake katika karatasi za chooni, na *Sauti ya Dhiki* ikachapishwa mwaka 1973. Mfano huu umetumiwa vibaya mara nyingi, kana kwamba dhiki ndiyo iliyotunga. Dhiki ilimpa maudhui. Aliyetunga ni malenga aliyekuwa na ufundi wake tayari kabla ya kufungiwa mlango. Na saa zile za upweke alizipata kwa bei ambayo hakuna jamii yenye haki ya kumdai mtunzi.

Mfano unaofaa zaidi uko jirani na Biharamulo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma katika seminari ya Rubya, Muleba, na akiwa kwao kisiwani akakamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Alikuwa na utulivu wa kuandika; alichokosa ni mchapishaji. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Saa ya kutunga peke yake haikumtosha.

Ngara ilipata mwaka 1995 kitu ambacho hakikukusudiwa kwa ajili ya nanga: Redio Kwizera, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Kazi yake ilikuwa habari na huduma kwa wakimbizi na wenyeji. Lakini studio ya redio, popote ilipo, ni chumba chenye kuta nene, mlango mzito, na taa inayowakataza watu kuingia. Kipaza sauti kikiwekwa shibri moja kutoka mdomoni hukipokea hata kile ambacho mtu wa mlangoni hakisikii. Inanga ya mnong'ono ilirekodiwa Burundi tangu miaka ya 1960, na kwa rekodi hizo ikasikika Ulaya. Studio za wilayani huwa tupu usiku baada ya matangazo. Mzee mwenye ubao na uzi wake angehitaji funguo tu, na fundi mmoja aliye tayari kukaa kimya.