Fungua Boksi la Negativu Kabla ya Kununua Skana

Kwenye boksi la skana, namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ndiyo inayopotosha kuliko zote. Epson Perfection V600, skana bapa inayotajwa sana na wanaotaka kuhamishia negativu zao kwenye kompyuta, imeandikwa pikseli 6,400 kwa inchi. Walioipima kwa kioo cha majaribio chenye mistari myembamba hawakufika hata 2,000. Plustek OpticFilm 8100, mashine ndogo inayomeza mkanda wa milimita 35 (wa 35 kwa kifupi) peke yake, imeandikwa 7,200, na inachotoa kweli ni karibu nusu ya hapo. Kiwanda hakijasema uongo moja kwa moja: sensa inasoma pointi hizo zote. Ila lenzi iliyo mbele ya sensa haioni vitu vidogo kiasi hicho, kwa hiyo faili linanenepa na picha inabaki ileile.

Nayasema haya mapema kwa sababu kazi ya kuskani negativu imeanza kupata wateja wa kweli Dar es Salaam, hasa huku pembezoni. Mtu amefariki Mbagala au Tandika, familia inataka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, na iliyopo ni postikadi moja iliyoliwa na unyevu ukutani. Inapelekwa stesheneri, inapigwa kwa simu juu ya kaunta, inakuzwa mpaka sura inageuka mabaka. Wakati huohuo negativu ya picha hiyo huenda ipo, ndani ya bahasha, kwa mpiga picha mstaafu mtaa wa tatu kutoka hapo. Mkanda ulipokufa, studio za Temeke, Magomeni na Mwananyamala ziligeukia fotokopi na paspoti za papo kwa papo, lakini si maboksi yote yaliyotupwa.

Kwa hiyo usikimbilie Kariakoo. Fungua boksi, shika ukanda mmoja kwa kingo zake, uinue kuelekea dirishani. Ukiona mraba mkubwa wa kijivu, upana wake kama sentimita tano na nusu, hiyo ni kazi ya mkanda wa 120, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa kamera ya lenzi mbili za aina ya Rolleiflex au Yashica Mat. Ukiona ukanda mwembamba wenye matundu pembeni na rangi ya machungwa iliyoiva, huo ni mkanda wa 35 wa rangi, na pembeni mara nyingi utasoma Kodak, Fuji au Konica. Ukikuta kifremu cha karatasi ngumu au plastiki chenye picha iliyo na rangi zake halisi, hiyo ni slaidi. Slaidi hazikuwa nyingi kwenye studio za mtaani. Utazikuta zaidi kwa wamisionari, wahadhiri wastaafu na familia za watu waliofanya kazi na wataalamu wa nje.

Sasa piga hesabu. Kipande cha mkanda wa 35 kina milimita 24 kwa 36. Kwa skana bapa inayoona kweli pikseli 1,600 kwa inchi, unapata kama pikseli 2,270 kwa 1,510, na kwa uchapaji mzuri wa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni picha ya sentimita 19 kwa 13. Inatosha albamu, haitoshi kuwekwa mbele ya jeneza. Lakini weka negativu ya mraba ya milimita 56 kwenye mashine ileile, na unapata zaidi ya pikseli 3,500 kila upande, yaani picha ya sentimita 30 kwa 30 bila kulazimisha. Mashine ambayo mwenye mikanda ya 35 ataiona mbovu inamtosha kabisa mwenye studio ya zamani. Na ile Plustek inayosifiwa kwa makali yake haitampa kitu, kwa sababu negativu ya mraba haiingii mlangoni.

Jambo la pili linalowaponza watu ni ile teknolojia ya kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, inayojulikana sana kwa jina la Digital ICE. Skana inapitisha mwanga usioonekana kwa macho. Rangi za mkanda wa kawaida zinauruhusu upite, vumbi na mikwaruzo vinauzuia, na programu inajua pa kuziba. Kwa mkanda wa rangi wa miaka ya 1990 ni msaada mkubwa mno. Kwa nyeusi na nyeupe ya zamani haufai hata kidogo, maana picha yenyewe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha, na fedha inauzuia mwanga huo sawasawa na vumbi. Ukiiwasha, programu itaanza kuziba macho na vifungo vya shati. Slaidi za Kodachrome nazo zina matatizo ya namna hiyo. Mwenye boksi la miaka ya 1960 anayelipa zaidi ili apate infraredi amenunua kitufe ambacho itabidi akizime.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni sura zetu wenyewe. Chukua picha ya harusi: bwana harusi mweusi tii, kanzu nyeupe, jua la saa saba mchana. Kwenye negativu mambo yamepinduka. Kanzu ndiyo sehemu nzito, imejaa kiza, na sura ndiyo nyepesi, karibu uwazi mtupu. Mwanga wa skana unapita kwenye sura bila taabu, kwa hiyo chochote ambacho mkanda ulikirekodi pale, mstari wa shavu au mng'ao wa paji la uso, kinachukuliwa. Ikitokea shida, itatokea kwenye kanzu, ambayo inaweza kugeuka chokaa tupu isiyo na mikunjo.

Kwenye slaidi ni kinyume chake. Sura ya mtu mweusi aliyevaa kofia iko mahali penye giza zito kuliko pote, na hapo ndipo skana dhaifu huishia kutoa tope. Kiwanda huandika uwezo huo kwa kipimo cha kina cha giza: V600 imepewa 3.4, na kaka yake V850, 4.0. Namba hizo nazo usizimeze nzima, lakini tofauti ipo na inaonekana usoni. Kwa slaidi za watu wetu, skana maalumu ya mkanda si anasa.

Hapa kuna historia kidogo. Kwa miongo kadhaa maabara za rangi duniani zilipanga mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizozoeleka kwa jina la Shirley. Mashine iliyopangwa kwa ngozi ile ikachapa yetu kwa kubahatisha. Ndiyo maana albamu nyingi za Dar zina shangazi mwenye gauni linalong'aa na sura isiyosomeka. Mara nyingi makosa hayo yalifanyika kwenye karatasi, si kwenye mkanda. Negativu bado inayo sura ya shangazi. Hiyo kwangu ndiyo sababu kuu ya kutafuta negativu badala ya kuskani picha iliyochapwa.

Ila programu ya skana ikiachwa ijiamulie inarudia kosa lilelile. Inaona sura nyeusi na kanzu nyeupe, inatafuta wastani, na wastani huo haumfai yeyote kati ya hao wawili. Zima marekebisho ya moja kwa moja. Kwenye VueScan, programu ambayo hata skana za zamani zilizotelekezwa na viwanda huikubali, unaweza kusoma rangi ya mkanda mtupu, ule uwazi ulio kati ya fremu na fremu, kisha ukaifunga rangi hiyo pamoja na kiwango cha mwanga kwa mkanda mzima. Hifadhi TIFF ya biti 16 kwa kila rangi, ndipo ukae chini kurekebisha sura. Faili ni zito: negativu ya mraba kwa pikseli 2,400 kwa inchi ina karibu megabaiti 168. Hata hivyo diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya 5,000 za namna hiyo. JPEG mtengenezee mteja, si kabati lako.

Kuna wanaoshauri Nikon Coolscan iliyotumika, kwa kuagiza Dubai au Japani. Ni mashine nzuri sana. Toleo la 5000 lilitoa kwa kweli karibu pikseli 4,000 zilizoandikwa. Lakini Nikon iliacha kuzitengeneza zaidi ya miaka 10 iliyopita, vipuri ni vya kuvizia, na kioo chake cha ndani kikishika vumbi picha zote zinakuwa na ukungu. Kwa fundi aliye tayari kufungua mashine, sawa. Kwa familia yenye mikanda michache, hapana. Vile vijimashine vidogo vyenye kioo cha kutazamia, vinavyotoa JPEG peke yake, vinafaa kukujulisha kilichomo kwenye boksi tu.

Hukumu yangu kwa mpiga picha wa Sinza, Tegeta au Chang'ombe ni tofauti na ya wauza skana: huenda mashine tayari unayo begani. Kamera unayopigia send-off na kitchen party Jumamosi, yenye megapikseli 24, inatoa pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwa mkanda wa 35 hiyo inazidi skana bapa kwa mbali. Kwa mraba wa 120 unatumia 4,000 kwa 4,000, nayo bado inaishinda V600. Unachohitaji ni lenzi ya makro inayofika ukubwa wa 1:1, stendi isiyotikisika, na taa nzuri ya LED.

Taa ndiyo pa kutofanyia ubahili. Paneli za bei poa huegemea kijani, na kijani hicho kikishageuzwa kutoka negativu kinakuwa uzambarau kwenye ngozi. Tafuta iliyoandikwa ubora wa rangi wa 95 au zaidi. Skrini ya simu au tableti isitumike ikiwa imegusana na mkanda, maana pikseli zake zitaonekana. Inua mkanda sentimita chache juu ya mwanga. Kisha hakikisha kamera iko sambamba na mkanda. Njia ya mafundi ni kuweka kioo kidogo cha kujitazamia pale mkanda utakapokaa, halafu kusogeza kamera mpaka lenzi ijione katikati ya picha yenyewe. Zima taa ya chumba, fungua lenzi f/8, ISO 100, tumia kipima muda ili kidole kisitikise. Mkanda wenye fremu 36 unaisha kwa dakika chache, wakati skana ingekuchukua jioni nzima. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kamera inaendelea kwa betri, huku skana imepoteza faili lililokuwa linasomwa.

Gharama yake ni vumbi, kwa sababu kamera haina infraredi. Kwa nyeusi na nyeupe hujapoteza kitu, kama tulivyoona. Kwa mikanda mingi ya rangi iliyokwaruzika, skana yenye infraredi bado inashinda, na studio yenye kazi za aina zote mbili itafika mahali pa kuwa na vyote viwili.

Kabla ya mashine yoyote kuna usafi, na hapa Dar ina adui wake. Filamu za asetati, plastiki ya negativu nyingi za zamani, zilizokaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 zinakadiriwa kuanza kuoza baada ya miaka kama 40. Chini ya bati la Yombo hakuna nyuzi 21. Kuoza huko unakusikia kwa pua kabla ya macho: harufu ya siki. Kuvu nalo huchora utandu mweupe kama mizizi juu ya gelatini. Lisioshwe kwa maji, kwa sababu gelatini iliyoshambuliwa na kuvu huyeyuka majini na picha huondoka nayo. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 nayo ina maji ndani yake. Tumia isopropili ya asilimia 98 au 99, pamba safi, mkono mwepesi, na ujaribu kwanza pembeni pasipo na picha. Kwa vumbi kavu inatosha pampu ya mpira ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda.

Wapo watakaouliza kama kuna faida kuhangaikia maboksi ya watu wasiojulikana. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapahapa Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka kama 20, na leo maelfu ya picha zake yanatazamwa na dunia nzima kwenye Google Arts & Culture. Negativu za Priya Ramrakha, mpiga picha Mkenya aliyeuawa kwenye vita vya Biafra mwaka 1968, zilikaa miaka na miaka kwenye garaji Nairobi, mpaka zilipopatikana na kutolewa kitabu mwaka 2018. Garaji ile haikuwa na ubora wowote kuliko stoo ya Keko. Ilikuwa na bahati tu kwamba hakuna aliyeisafisha kwa moto.

Kama mwaka huu huna fedha ya skana wala ya lenzi, fanya ya bure wiki hii. Shusha boksi kutoka chini ya bati, toa negativu kwenye mifuko ya plastiki inayonata na uzihamishie kwenye bahasha za karatasi, andika kwa penseli jina la studio, mtaa na mwaka. Zile zinazonuka siki zitenge mbali na nyingine. Hizo ndizo za kuskaniwa kwanza.