Wizara ya Elimu, Pokea Shukrani

Wapo wanaouliza kama taifa linahitaji wizara ya elimu, wakati wazazi, dini na halmashauri wanaweza kuendesha shule. Najibu bila kusita: tunaihitaji, na Tanzania ni shahidi.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, shule za Tanganyika zilitenganishwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Hakuna kijiji ambacho kingeweza kuzibomoa kuta hizo peke yake. Serikali iliziunganisha kuwa mfumo mmoja kuanzia 1962. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani. Leo mtoto wa Kasulu, mbali magharibi, na wa Masaki, mtaa wa wenye nacho Dar es Salaam, hufungua karatasi ileile ya darasa la saba, siku ileile. Ada katika shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Mwaka 2021, waraka wa wizara ukawafungulia tena milango ya shule mabinti waliokatiza masomo kwa ujauzito.

Upungufu haujaisha: madarasa yamefurika na walimu hawatoshi. Lakini nyumba ikivuja huezekwa upya, haibomolewi.

Kwa maofisa wanaoandaa mitaala, wathibiti ubora wanaofika shule za mbali, na wote wanaohakikisha kwamba mtoto wa mkulima anahesabiwa sawa na mtoto wa waziri: hongereni. Mtoto wa mwenye nacho hakosi njia. Asiye nacho anawategemea ninyi.