Herufi Tano, Sauti Tisa

Mswahili akifungua kitabu cha Kireno cha darasa la kwanza hufurahi mapema mno. Anaambiwa irabu ni a, e, i, o, u, naye anajiona yuko kwao. Akitoka mitaani Lisbon, hatambui nusu ya anachosikia.

Kitabu hakikusema uongo. Kimehesabu herufi tu. Kwa sauti, Kireno cha Ureno kina irabu tisa za mdomoni, na tano zaidi zinazopitia puani. Avó ni bibi, avô ni babu: tofauti yao ni mdomo kufunguka zaidi au kidogo katika ile o ya mwisho. Pau ni kijiti, pão ni mkate. Asiyefundishwa kusikia hayo atamwomba muuza mkate kijiti, kisha ataambiwa ana sikio zito. Sisi tunasema kosa ni la kitabu. Wazee wetu wa pwani, bila kitabu chochote, walisikia caixa wakasema kasha, wakasikia vinho wakasema mvinyo. Lakini lenço likawa leso. Pua iliwashinda wao, na ndiyo inayotushinda sisi.

Halafu zipo irabu zisizo na mkazo, ambazo Wareno huzimeza. Telefone, ambalo kitabu hulikata te-le-fo-ne, mdomoni mwao hubaki karibu "tlfon". Wabrazili huzitamka zaidi, ndiyo maana wengi wetu tunawaelewa upesi.

Inatuuma kwa kuwa njia bora ilikuwapo. Mwaka 1876 mshairi João de Deus alitoa Cartilha Maternal, kitabu cha kufundishia watoto kusoma. Alianza na irabu, akafuata konsonanti zenye sauti moja, kama v na f. Zile zenye sura nyingi zikangoja zamu yake. Tazama x: katika xarope ni sh, katika exame ni z, katika próximo ni s, katika táxi ni ks. Kitabu kinachoonyesha xarope tu na kwenda zake kinamwachia mtoto deni.

Tahajia mpya iliyoingia shule za Ureno mwaka 2011 imezidisha kazi. Zamani mapokezi yaliandikwa recepção. Ile p haikutamkwa, lakini ilimwambia msomaji aifungue e iliyoitangulia. Sisi wa fani ya umeme tunaujua waya wa ardhi: siku nyingi haupitishi kitu, wala hakuna fundi anayeukata. Sasa Ureno huandika receção, na mtoto asiyeelezwa ataisoma kama recessão, yaani mdororo wa uchumi. Brazil, wanakoitamka ile p, wameiacha mahali pake. Na mapatano hayo ya mwaka 1990 yalikusudiwa kuunganisha maandishi ya nchi zote za Kireno! Mwalimu angeweza kuliziba pengo hilo kwa dakika tano za kusikiliza maneno hayo mawili, kabla daftari hazijafunguliwa.