Wimbo Mbele ya Mama Mzazi: Fumbo, Haya na Hadhira ya Ngome Kongwe

Hapa chuoni tumezoea kuuhakiki wimbo kwa kuunyang'anya sauti kwanza. Mhadhiri anagawa karatasi, maneno yamepigwa chapa beti kwa beti, nasi tunaanza: dhamira ni hii, taswira ni ile, mizani imevunjika ubeti wa tatu. Mwisho wa kipindi hukumu inatoka: nyimbo za vijana wa siku hizi hazina fasihi ndani yake. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Hoja yangu ni kwamba wimbo wa Kiswahili hupimwa kwa watu waliokaa pamoja kuusikiliza, na katika hadhira zote, hakuna iliyo kali kama familia.

Msingi wa hoja hii tunao tayari. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio: lina fanani, lina hadhira, lina mahali na wakati wake. Maneno hayo tunayaandika sana kwenye mitihani. Tukishapewa wimbo wa kuhakiki, tunayasahau. Hadhira tunaitaja kwa jumla tu, kana kwamba wasikilizaji wote ni wamoja. Kwani mtu aliyekaa na rafiki zake na mtu aliyekaa na mama yake mzazi wanausikia wimbo mmoja? Thubutu!

Hebu tutazame mfano. Siti and the Band ni kundi la Unguja la wanamuziki vijana waliokutana katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Albamu yao ya kwanza, Fusing the Roots, ilitoka 2018. Udi, kanuni na fidla za taarab wamezichanganya na besi na ngoma za jazi na fanki. Mpenzi wa taarab asilia atasema hii si taarab, na mpenzi wa muziki wa disko atasema si disko. Ni pop ya watu wanaojichagulia njia wenyewe.

Niliwasikiliza Ngome Kongwe, katika tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 na ambalo hufanyika mwezi wa Februari. Tulikwenda watu sita: bibi, mama, mjomba, mkaza mjomba, mdogo wangu wa miaka kumi na miwili, na mimi. Tamasha hili lina sharti lake: muziki upigwe papo hapo, hakuna kuigiza mdomo juu ya kanda. Wengi hulichukulia kama jambo la mafundi mitambo. Mimi naliona ni jambo la kihakiki. Mwimbaji anayeimba papo hapo anaweza kuiona hadhira imenyamaza akangoja, akarudia, akapunguza mwendo. Kanda haimngoji mtu.

Sasa nije kwenye nyimbo za mapenzi. Darasani fumbo tunaliita tamathali, tunalihesabu pamoja na mapambo mengine. Ukikaa na mama yako kushoto na bibi yako kulia ndipo unapoijua kazi yake hasa. Fumbo ni sitara. Mtunzi wa pwani akitaja ua, tunda au chombo kilicho baharini, mtoto husikia ua na chombo, mtu mzima husikia lake, na wote hubaki mkekani bila kuoneana haya. Usiku ule mdogo wangu alikuwa akiitikia kwa sauti, mama anatabasamu huku ameangalia pembeni, na bibi alicheka peke yake, sababu hakutuambia. Mwenzangu, linganisha na pale unapopanda daladala na baba yako, redio ikafungulia wimbo unaotaja kila kitu kwa jina lake. Kila mtu ghafla anapenda kutazama dirishani! Wimbo ule umeigawa hadhira yake. Hiyo ni kasoro ya fani, wala si ya maadili peke yake.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu. Kundi hili lina wimbo uitwao "Nielewe", unaomhusu mwanamke anayepigwa nyumbani huku ana ndoto ya kufanya muziki. Hapa sitara imeondolewa makusudi. Ukiusikiliza peke yako, unamhurumia mwanamke huyo, kisha unaendelea na shughuli zako. Ukiusikiliza na ukoo, hali inabadilika, maana huwezi kuuzima wala kuuruka. Mimi sisemi lolote juu ya nyumba ya mtu. Nasema nilichokiona: mjomba aliacha kupiga makofi, mkewe hakuacha. Tulipotoka getini bibi, ambaye siku zote husema mambo ya ndani hayatoki nje, alimshika mkono mkaza mwanawe akamwambia, "Leo utalala kwangu, mwanangu." Mjomba hakujibu kitu.

Wako watakaodai kwamba uwazi huu umeletwa na watalii wanaojaa Ngome Kongwe. Si kweli. Siti binti Saad (1880–1950) aliimba kisa cha Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke akakimbia, na katika wimbo huo mahakama haikusalimika na kejeli. Jina la muuaji lilitajwa waziwazi. Basi utamaduni wa uimbaji wa Unguja una mikono miwili: mmoja husitiri mapenzi, mwingine hufichua dhuluma. Ufundi wa mtunzi uko katika kujua lini autumie upi. Anayefumba dhuluma amemlinda mkosaji, na anayeanika mapenzi amewafukuza wazee mkekani.

Najua swali litakalokuja kwenye semina: huu ni uhakiki wa fasihi au ni sosholojia? Najibu kwamba kuchagua kati ya fumbo na uwazi ni uamuzi wa fani kama kuchagua vina. Tofauti ni kwamba vina unavihesabu kwenye karatasi, na uamuzi huu unauona kwenye nyuso. Kwa kipimo hichohicho tunaweza kuukosoa muziki wa mchanganyiko kwa jumla: besi ikizidi, maneno humezwa, na bibi anayeufuata wimbo kwa maneno yake hubaki nje ya tukio, hata kama vijana wanaruka.

Napendekeza basi tuongeze swali moja kwenye maswali yetu ya kawaida. Baada ya kuuliza wimbo unasema nini na kwa mbinu gani, tuulize: nani na nani wanaweza kukaa pamoja kuusikiliza, na wakishausikiliza, ni jambo gani hawawezi tena kulinyamazia? Swali hilo halijibiki maktabani. Februari ikifika, ndugu msomaji, tiketi ya Mtanzania ni nafuu kuliko ya mgeni. Nunua mbili, na ya pili usimpe rafiki yako. Mpe mama.