Mishale ya Kalamu Nyekundu

Mwanafunzi wa South Eastern Kenya University, kile chuo cha Kwa Vonza, Kitui, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, haendi mbali kutafuta mada ya tasnifu. Mito ya msimu ya Kitui na Makueni imejaa mabwawa ya mchanga, yanayoficha maji chini jua lisiyamalize. Kibarua huanza anaporudi na madaftari yake na kuketi kuandika kwa Kiingereza.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia msimamizi mwenye subira. Chukua maneno haya: mabwawa ya vijiji yaliyojaa mchanga. Kwetu hayana utata. Ngeli imeshamaliza kazi. Tungekuwa na maana ya vijiji, tungesema vilivyojaa. Kikamba nacho kina ngeli zake. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, kwa hiyo mahali neno linapokaa ndipo panapoamua maana. Mwanafunzi akiyapanga kama alivyozoea, msomaji hajui kilichojaa mchanga ni bwawa au kijiji. Msimamizi ninayemsifu hamwandikii sentensi nyingine. Anachora mshale kutoka kwenye maelezo hadi kwenye nomino yake, basi. Kusogeza ni kazi ya mwenye tasnifu.

Halafu kuna sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao: wahojiwa watachaguliwa, data itakusanywa. Utafiti ukiisha, vitenzi hivyo vyote sharti vihamie wakati uliopita, na hakikosi kimoja kilichojificha chini ya jedwali. Jicho lililozoea hukidaka kama mama achambuaye ndengu anavyodaka kijiwe.

Wapo wanaouona ufundi huu kuwa mapambo tu. Sikubaliani nao. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo hadi 1992 ilijumuisha Makueni. Walifuatilia miaka 60 hivi, tangu 1930. Kitabu wakakiita More People, Less Erosion: watu wameongezeka, mmomonyoko umepungua. Maneno manne, na dai zima limo humo, kinyume kabisa cha yale yaliyokuwa yakitabiriwa kuhusu vilima vya Ukambani. Wapo wasomi waliolibishia dai hilo, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwanza waandishi walikuwa wakisema nini.